Masharti ya Nyakati Mbili: -nge- na -ngali- kwa Wanafunzi Wasemao Kisomali Garissa

1. Utangulizi

Miongoni mwa kanuni za sarufi zinazofundishwa katika shule za Kenya, ni chache zinazokaririwa kwa uhakika kama ile isemayo kwamba -nge- hufuatwa na -nge-, -ngali- hufuatwa na -ngali-, na -ngeli- hufuatwa na -ngeli-. Mwanafunzi anayeandika "Kama angalisoma, sasa angekuwa daktari" hukatiwa alama kwa kosa la kuchanganya viambishi. Ni nadra kuulizwa alitaka kusema nini, au iwapo sentensi aliyopewa badala ya ile yake inasema jambo lile lile.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, tutajaribu kuonyesha kwamba kanuni hiyo, kama inavyofundishwa, imeunganisha mambo mawili yasiyofanana: kuchanganya viambishi bila sababu, ambalo ni kosa la mtindo, na kuchanganya viambishi kwa sababu sharti na tokeo lake ni vya nyakati mbili tofauti, ambalo ni hitaji la maana. Pili, tutalichunguza suala hili kwa kumtazama mwanafunzi mmoja maalumu, yaani msemaji wa Kisomali wa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla. Yeye huja darasani akiwa na mfumo wa masharti wa lugha yake ya kwanza, nao ni mfumo ambao ukieleweka vizuri unaweza kumrahisishia mwalimu kazi kuliko inavyodhaniwa.

Yafaa tuseme mapema kwamba makala haya hayatoi matokeo ya uchunguzi wa darasani. Ni ulinganishi wa miundo. Makosa tutakayoyataja ni yale ambayo miundo yenyewe inatufanya tuyatazamie.

2. Lugha za mahali

Mji wa Garissa uko ukingoni mwa Mto Tana, kiasi cha kilomita 370 mashariki ya Nairobi. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Tangu hapo eneo hilo lina kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera. Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani ya watu walio wengi. Pamoja nacho zimo lugha za Wapokomo, Waorma na Wamunyoyaya kandokando ya mto, na ya Waboni kuelekea Lamu.

Kisomali ni lugha ya Kikushi. Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Hata kama lugha hizi mbili zimekopa maneno mengi kutoka Kiarabu, miundo ya vitenzi vyao iko mbalimbali sana. Kwa mtoto wa Garissa Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, ya kituo cha polisi na ya hospitali. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi pamoja na Kiingereza. Juu ya hayo, watoto wengi hupitia chuo cha Kurani, ambako hukutana na Kiarabu kabla ya kukutana na lugha nyingine yoyote ya maandishi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Garissa amekwisha kusikia njia nne za kueleza sharti: haddii ya Kisomali, kama na -nge- za Kiswahili, njia ya Kiingereza, na law ya Kiarabu. Mwalimu asemaye kwamba mwanafunzi huyo hana msingi wa masharti atakuwa amekosea. Msingi anao, tena mpana. Lililobaki ni kujua ni kipi kati ya alivyo navyo kinalingana na kipi katika Kiswahili.

3. Mfumo wa Kiswahili

Tuanze na sharti linaloweza kutimia. Hapa Kiswahili hutumia -ki-, au neno kama, ikiwa au iwapo pamoja na njeo ya kawaida:

(1) Akija, nitamwona.

Katika sharti lisilotimia, au linalodhaniwa tu, hutumika -nge- na -ngali-. Umbo la -ngeli- ni lahaja ya -ngali-, wala halina maana yake peke yake. Vitabu vya shule vinapoliweka katika safu ya tatu, mwanafunzi hudhani kwamba kuna daraja tatu za sharti. Daraja hizo hazipo.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba -nge- ni ya wakati uliopo na -ngali- ni ya wakati uliopita. Maelezo haya si ya uwongo, lakini hayatoshi. Tuvijaribu viambishi hivi pamoja na maneno ya wakati:

(2) Kama ungeniambia jana, ningekuja.
(3) Kama ungeniambia sasa, ningekuja.
(4) Kama ungeniambia kesho, ningekuja.
(5) Kama ungaliniambia jana, ningalikuja.
(6) *Kama ungaliniambia kesho, ningalikuja.

Sentensi ya (2), (3) na (4) zote husikika kwa wasemaji wa Kiswahili, wa pwani na wa bara, na hazishangazi mtu. Ya (5) ni sawa. Ya (6) haikubaliki. Twaona basi kwamba viambishi hivi haviko sambamba kama safu mbili za jedwali. Kiambishi -nge- hukubali jana, sasa na kesho, kwa kuwa chenyewe hakitaji wakati, bali husema tu kwamba jambo halipo au halikuwa. Kiambishi -ngali- husema hivyo hivyo, kisha huongeza kwamba wakati wake umekwisha kupita. Kwa lugha ya isimu, -nge- ni umbo lisilo na alama ya wakati, na -ngali- ni umbo lenye alama ya wakati uliopita.

Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini wasemaji wengi wa leo hutumia -nge- pande zote bila kutatiza mawasiliano. Hawajaharibu lugha. Wametumia umbo lisilo na alama na kuyaachia maneno ya wakati kazi iliyobaki. Vile vile ndiyo inayoeleza kwa nini -ngali- haijafa: iko kazi ambayo -nge- peke yake haiifanyi kwa wepesi. Methali isemayo kwamba ningalijua huja baadaye ni ushahidi mdogo wa kazi hiyo; majuto ni ya jambo lililokwisha kupita.

4. Sharti la jana, tokeo la leo

Sasa tuitazame sentensi iliyotajwa mwanzoni:

(7) Kama angalisoma, sasa angekuwa daktari.

Kusoma kulikuwa kwa wakati uliopita, na nafasi yake imekwisha. Udaktari ni wa sasa. Vishazi viwili vina nyakati mbili, na kila kitenzi kimebeba kiambishi kinachofaa wakati wake. Kanuni ya shule inatutaka tuchague moja kati ya hizi:

(8) Kama angalisoma, sasa angalikuwa daktari.
(9) Kama angesoma, sasa angekuwa daktari.

Katika (8), neno sasa na kiambishi -ngali- vinavutana: moja lamvuta msikilizaji kwenye leo, jingine lamrudisha nyuma. Wapo wanaoikubali sentensi hii kwa mazoea ya shule, lakini neno sasa likiondolewa hakuna atakayejua kwamba udaktari unaozungumzwa ni wa leo. Katika (9) hakuna mvutano, ila kuna utata. Sentensi yaweza kumhusu mtu ambaye nafasi yake ya kusoma ilipita miaka ishirini iliyopita. Yaweza pia kumhusu mtu ambaye hasomi kwa kawaida yake, na ambaye bado anaweza kujirekebisha.

Hata hivyo Kiswahili hakina njia moja tu. Kuna njia ya tatu, inayotumika sana katika maandishi na mazungumzo, ambayo mara nyingi haitajwi katika somo la masharti. Nayo ni kitenzi kuwa chenye -nge-, kikifuatwa na kitenzi kikuu chenye -me-:

(10) Kama angekuwa amesoma, sasa angekuwa daktari.

Hapa -nge- iko pande zote mbili, na kwa hiyo kanuni ya shule haikuvunjwa. Lakini maana ya nyakati mbili imehifadhiwa, kwa kuwa -me- imebeba ukamilifu wa tendo la kwanza. Sentensi hii ni jawabu la vitendo kwa mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani, nayo yafaa ifundishwe kwa uwazi.

Upo pia mpangilio wa kinyume, ambamo sharti ni hali ya kudumu na tokeo ni tukio lililopita:

(11) Kama angekuwa mwangalifu, asingalipoteza ngamia wake jana.

Uangalifu ni tabia. Mtu huyo hakuwa nayo jana na hata leo hana. Kupotea kwa ngamia ni tukio moja la jana. Tukisema "Kama angalikuwa mwangalifu", tumeufanya uzembe wake kuwa wa siku ile tu, yaani tumempunguzia lawama. Katika mpangilio huu muundo wa -ngekuwa na -me- hauingii kwa wepesi katika kishazi cha pili, na -ngali- ndiyo inayofaa zaidi, ingawa "asingepoteza" pamoja na neno jana pia hueleweka. Maumbo ya ukanushi yana sura mbili, asingalipoteza na hangalipoteza. Zote zinatumika, na tofauti yao haigusi hoja yetu.

Watetezi wa kanuni ya ulinganifu wanayo hoja ya haki. Mwanafunzi anayeandika "Kama ungeniambia jana, ningalikuja jana" amebadilisha kiambishi bila kubadilisha wakati. Msomaji hutafuta sababu na haipati. Kanuni iliwekwa kuzuia uzembe wa namna hiyo, na kwa sentensi za wakati mmoja inafaa iendelee kufundishwa. Tunachopinga ni kuipeleka mahali ambapo wakati wenyewe umebadilika.

5. Mfumo wa Kisomali

Katika Kisomali, sharti linaloweza kutimia hutangulizwa na haddii, nacho kitenzi huwa katika umbo la kishazi tegemezi:

(12) Haddii uu yimaado, waan arki doonaa.
"Akija, nitamwona."

Sharti lisilotimia nalo hutangulizwa na haddii ile ile, lakini kitenzi huwa na sehemu mbili: umbo lisilobadilika la kitenzi kikuu, kisha kitenzi kisaidizi lahaa kinachobeba nafsi. Kwa kitenzi cha maana ya kuleta twapata keeni lahaa kwa nafsi ya kwanza umoja, keeni lahayd kwa nafsi ya pili, keeni lahayn kwa nafsi ya kwanza wingi, na keeni lahaayeen kwa nafsi ya tatu wingi. Mifano:

(13) Haddaan ogaan lahaa, waan imaan lahaa.
"Ningalijua, ningalikuja."

(14) Haddii uu shalay iman lahaa, waan arki lahaa.
"Kama angalikuja jana, ningalimwona."

(15) Haddii uu wax baran lahaa, hadda dhakhtar buu ahaan lahaa.
"Kama angalisoma, sasa angekuwa daktari."

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa. La kwanza, lahaa hutumika katika vishazi vyote viwili, ikibadilika kwa nafsi tu. La pili, umbo ni lile lile katika (14), ambamo yote ni ya jana, na katika (15), ambamo sharti ni la zamani na tokeo ni la sasa. Kinachotofautisha ni shalay, yaani jana, na hadda, yaani sasa. La tatu, lahaa yenyewe ni umbo la wakati uliopita la kitenzi chenye maana ya kuwa na kitu. Msemaji husema geel baan lahaa kwa maana ya "nilikuwa na ngamia". Lakini ikiwa katika sharti haimlazimishi msikilizaji kuufikiria wakati uliopita. Wakati wa umbo si lazima uwe wakati wa maana.

Kisomali hakiko peke yake katika jambo hili. Kihindi hutumia neno agar mwanzoni, na kitenzi chenye kikomo cha -taa katika vishazi vyote viwili: agar vah aataa to main jaataa yaweza kueleweka kuwa ni ya jana au ya leo, kulingana na muktadha. Mhindi anayetaka kubainisha kwamba tendo limekwisha kupita anaweza kusema aayaa hotaa, muundo ambao kwa namna yake unafanana na "angekuwa amekuja" ya Kiswahili. Ndiyo maana walimu wa Kiingereza nchini India hukutana na tatizo linalofanana na la walimu wa Garissa: mwanafunzi anajua jambo halikuwa, ila lugha yake haikumzoesha kutia alama ya wakati ndani ya kila kitenzi. Kiingereza humtaka afanye hivyo. Husema If he had studied, he would be a doctor now, na hapo maumbo mawili tofauti yanaruhusiwa, bali yanatakiwa.

Basi mwanafunzi wa Garissa hujikuta katika hali ya ajabu. Katika kipindi cha Kiingereza hufundishwa kuchanganya, na akilinganisha maumbo hukosolewa. Katika kipindi cha Kiswahili kinachofuata hufundishwa kulinganisha, na akichanganya hukosolewa. Lugha yake ya kwanza haikumwambia kitu kuhusu lolote kati ya hayo mawili.

6. Makosa ya kutazamiwa

Ulinganishi huu watuwezesha kutazamia makosa ya aina nne.

Aina ya kwanza hutokana na haddii. Kwa kuwa neno moja hufanya kazi katika sharti liwezekanalo na lile lisilotimia, mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kama au ikiwa inatosha kuonyesha dhana, akaacha kutia kiambishi katika kishazi cha kwanza: *"Ikiwa mvua ilinyesha mwaka jana, tungekuwa na mifugo." Msomaji wa Kiswahili huiona kama sentensi iliyokatika katikati.

Aina ya pili hutokana na mahali pa alama. Katika Kisomali alama ya sharti husimama peke yake mwishoni. Katika Kiswahili hukaa ndani ya kitenzi, baina ya kiambishi cha nafsi na mzizi: ni-ngali-jua. Si ajabu mwanafunzi akaandika *"angali soma" kwa maneno mawili, hasa kwa vile Kiswahili chenyewe kina neno angali lisimamalo peke yake kwa maana ya "bado yu", kama katika "angali mtoto" au "angali anasoma". Tofauti ya "angali anasoma" na "angalisoma" yafaa ionyeshwe mapema. Kadhalika vitenzi vya silabi moja vyahitaji mazoezi yake, kwa kuwa ku- yao hubaki: ningekula, angalikuja.

Aina ya tatu ni kubadilisha viambishi bila sababu. Kwa mtu ambaye lugha yake ina umbo moja, -nge-, -ngali- na -ngeli- huonekana kama majina matatu ya kitu kimoja, naye huchukua lolote lililo karibu. Hili ndilo kosa ambalo kanuni ya shule inalikusudia.

Aina ya nne si kosa la mwanafunzi, bali ni tokeo la mafundisho. Mwanafunzi aliyekwisha kukatiwa alama kwa sentensi ya (7) huacha kabisa kuiandika. Hukimbilia sentensi mbili fupi: "Hakusoma. Sasa si daktari." Sarufi ya sentensi hizi ni safi, lakini uhusiano wa sababu na tokeo umepotea, na pamoja nao umepotea uwezo wa kulitazama jambo lililokuwa na nafasi ya kutokea.

7. Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda msomaji akauliza kama tofauti ya silabi moja yastahili kushughulikiwa hivi. Jibu letu latokana na mambo ambayo watu wa Kaskazini Mashariki wana haja ya kuyasema kwa Kiswahili mbele ya watu wasiojua Kisomali.

Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, kambi za wakimbizi zilifunguliwa karibu na Dadaab, katika eneo la Garissa. Hizo ni Ifo, Dagahaley na Hagadera. Katika miaka ya ukame baadhi ya wenyeji, Wakenya kwa kuzaliwa, walijiandikisha kambini ili wapate chakula na huduma. Wengine waliandikishwa na wazazi wao wakiwa watoto. Walipofikisha umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, majina na alama za vidole vyao vilionekana katika daftari la wakimbizi, na maombi yao yakakwama. Bila kitambulisho mtu hapati kazi ya mshahara, hafungui akaunti ya benki, wala hapigi kura. Dai la mtu wa namna hiyo huwa na umbo moja:

(16) Kama jina langu lisingaliandikwa katika daftari la wakimbizi, leo ningekuwa na kitambulisho.

Uandikishaji ni tukio la zamani, na limekwisha. Hasara ni ya leo, na inaendelea. Tukimlazimisha aseme "leo ningalikuwa na kitambulisho", tumeisukuma hasara yake nyuma, kana kwamba ni jambo lililopita na kufungwa. Tukimlazimisha aseme "Kama jina langu lisingeandikwa", karani anayeandika maelezo anaweza kusita asijue kama analalamikia kitendo kilichofanywa zamani au utaratibu unaoendelea. Anayejua njia ya (16), au ya "lisingekuwa limeandikwa", hulitaja tukio mahali pake na hasara mahali pake.

Ndivyo yalivyo pia mazungumzo ya kila siku katika nchi ya wafugaji. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, uliacha familia nyingi bila mifugo. Mtu anayesema "Kama mvua isingalikosekana miaka ile, watoto wangekuwa wanakunywa maziwa leo" ameunganisha ukame wa jana na njaa ya leo katika sentensi moja. Mwanafunzi wa eneo hili hukutana na maana ya nyakati mbili nyumbani kwao kabla hajakutana nayo katika kitabu cha sarufi.

Twaongeza sababu moja zaidi, ambayo yawahusu hasa wasomaji wa jarida la idara ya lugha za Kiafrika. Mwanafunzi akiona kwamba Kiingereza kinaruhusu maana fulani, na lugha yake ya kwanza inairuhusu, ila Kiswahili kinaikataza, atakata shauri kwamba upungufu uko katika Kiswahili. Upungufu hauko hapo. Uko katika maelezo yetu.

8. Mapendekezo ya ufundishaji

Vitabu vingi huanza na viambishi vitatu kwa pamoja, vikiwa katika safu tatu. Kwa mwanafunzi asemaye Kisomali tunapendekeza utaratibu mwingine, wenye hatua nne.

Hatua ya kwanza ni -nge- peke yake pamoja na maneno ya wakati. Tulivyoona, -nge- na lahaa zinafanana kwa jambo kubwa: zote mbili hazitaji wakati, na zote hukaa katika vishazi vyote viwili. Mwanafunzi aonyeshwe kwamba iman lahaa ni kama angekuja, na kwamba shalay na hadda hufanya kazi ile ile ya jana na sasa. Kwa hatua hii tu ataweza kusema karibu kila sharti lisilotimia na akaeleweka. Mazoezi ya hapa yahusu hasa mahali pa kiambishi na ulazima wa kukitia pande zote mbili.

Hatua ya pili ni neno lau. Neno hili limetoka katika law ya Kiarabu, nalo hutangulia sharti lisilotimia, kama "Lau ningejua". Mwanafunzi aliyepita chuoni ameshalisikia katika usomaji wake. Likitumiwa darasani, litamsaidia kutenganisha mambo mawili ambayo haddii imeyaweka chini ya neno moja: kwa sharti liwezekanalo atumie -ki- au ikiwa, na kwa lile lisilotimia aanze na lau au kama, kisha atie -nge-.

Hatua ya tatu ni muundo wa -ngekuwa na -me-. Mwanafunzi apewe tukio la zamani na hali ya leo, kisha aziunganishe. Mathalani: "Hawakuchimba kisima mwaka jana. Leo wanahama." Ataandika: "Kama wangekuwa wamechimba kisima mwaka jana, leo wasingehama." Hatua hii humfundisha maana ya nyakati mbili bila kugongana na kanuni ya mtihani.

Hatua ya nne, ya mwisho, ni -ngali-. Ifundishwe kuwa ni -nge- iliyoongezewa alama ya wakati uliopita. Kwanza itumike pande zote mbili pale ambapo yote yamepita. Kisha katika upande mmoja tu, pale ambapo upande mmoja umepita na mwingine haujapita. Umbo la -ngeli- litajwe kwa maneno machache kuwa ni lahaja ya -ngali-, na mwanafunzi aambiwe achague moja kati ya hayo mawili na kudumu nalo katika maandishi yake.

Utaratibu huu haumhitaji mwalimu ajue Kisomali kwa ufasaha. Neno lahaa, pamoja na shalay na hadda, yanatosha. Jambo hili ni muhimu kwa sababu walimu wa Kiswahili katika eneo hili mara nyingi wametoka sehemu nyingine za nchi, na wengi wao waliondoka kufuatia mashambulizi ya miaka ya 2014 na 2015. Mahali ambapo walimu hubadilika mara kwa mara, kanuni fupi ya kitabuni hutawala kwa kuwa ndiyo pekee isiyoondoka. Kwa hiyo ni lazima kanuni yenyewe iwe sahihi.

Kwa watahini, pendekezo letu ni dogo. Kanuni iandikwe upya hivi: kiambishi cha sharti kisibadilike pasipo wakati kubadilika. Msahihishaji anapokutana na -ngali- na -nge- katika sentensi moja, na aulize kwanza kama vishazi vina wakati mmoja au nyakati mbili. Vikiwa na wakati mmoja, akate alama. Vikiwa na nyakati mbili, mwanafunzi amefanya alichotakiwa kufanya.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba -nge- haina alama ya wakati na -ngali- inayo. Kwamba kwa sababu hiyo viambishi hivi vyaweza kukaa katika sentensi moja pale ambapo nyakati ni mbili. Na kwamba Kiswahili kina njia nyingine, ya -ngekuwa na -me-, inayofikisha maana ile ile kwa mpangilio wa sharti la jana na tokeo la leo. Tumeona pia kwamba lahaa ya Kisomali iko karibu na -nge- kuliko ilivyo karibu na -ngali-, na kwamba mafundisho yakianzia hapo, mwanafunzi wa Garissa atakuwa na jambo moja tu jipya la kujifunza badala ya matatu.

Bado liko suala la upande wa pwani: ni kwa kiasi gani wasemaji wa Lamu, Mombasa na Unguja hutenganisha -nge- na -ngali- katika mazungumzo yao ya leo, na katika mpangilio upi. Suala hilo lahitaji rekodi za mazungumzo, wala haliwezi kuamuliwa kwa kutunga mifano mezani. Lakini kwa vyovyote litakavyojibiwa, sentensi ya (16) itabaki kuwa na nyakati mbili, na anayeisema atabaki kuwa na haki ya kueleweka.